Sanamu za kauri za miungu ya Kigiriki na Kirumi Dar es Salaam: ipi ni kauri kweli, na umbo lipi linafaa kununuliwa

Kinachouzwa Dar es Salaam kwa jina la "sanamu ya kauri ya Kigiriki" ni bidhaa za aina tatu, na moja tu ndiyo kauri. Ya kwanza ni resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, iliyokorogwa na unga wa mawe. Ya pili ni udongo wa kawaida uliochomwa kwa moto mdogo, ukapakwa weupe unaong'aa. Ya tatu ndiyo kauri yenyewe, porcelain kwa Kiingereza. Zote hupangwa rafu moja, zote nyeupe, na ukiuliza utajibiwa, "Hiyo orijino bosi, kauri tupu."

Tathmini hii ni ya sanamu za mezani, za sentimita 20 hadi 35, zinazoiga kazi mashuhuri za mawe: Venus wa Milo, Nike wa Samothrace (mungu wa ushindi mwenye mabawa), Laocoön na wanawe, mrusha kisahani, Psyche na Cupid, Apollo na Daphne. Maswali ni mawili. Je, ni kauri? Na je, umbo hilo linaivumilia kauri? Hilo la pili wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa, ilhali ndilo linaloamua kama sanamu itamaliza mwaka ikiwa na vidole vyake vyote. Wachongaji wa kale waliwazia jiwe au shaba. Kauri ina tabia zake, na maumbo mengine hayapatani nayo hata yakitengenezwa na fundi hodari.

Kariakoo, kwenye maduka ya mapambo ya jumla na rejareja, sanamu nyeupe kubwa ukiikuta itegemee kuwa resini. Hilo si baya. Resini haivunjiki ovyo, na anayepamba ukumbi wa harusi hahitaji zaidi ya hapo. Ubaya unaanza pale inapouzwa kwa jina na bei ya kauri. Kwenye maduka ya vitu vya ndani ya Mikocheni, Masaki na Mlimani City uwezekano wa kupata kauri yenye glezi, yaani utando wa kioo ulioyeyushwa juu ya udongo, ni mkubwa zaidi. Kauri ya zamani ya Ulaya huingia mikononi mwa watu kwa njia nyingine: familia inayohama inauza vyombo vya nyumbani, na katikati ya vikombe na taa kunaibuka kipande kilichokaa kabatini miaka mingi. Huko nenda na macho makali, kwa sababu mwenye mali mwenyewe mara nyingi hajui anauza nini.

Ukaguzi uanze na kitako. Igeuze sanamu. Kauri humiminwa ikawa tupu ndani, na lazima iachiwe tundu, kwa sababu hewa iliyofungiwa ikipata moto hutanuka na kuipasua kazi tanurini. Tundu hilo huwa chini ya kitako au nyuma, mahali pasipoonekana. Resini mara nyingi imejaa, na chini yake hubandikwa kitambaa laini kuficha upande uliomiminiwa. Kitambaa peke yake si ushahidi, ila kikiwapo omba ukiinue kona moja. Halafu tafuta ukingo ambao glezi haikufika, udondoshee tone la maji. Juu ya kauri tone litakaa vile vile. Juu ya udongo wa moto mdogo litanywewa ukiwa unatazama, na doa la unyevu litabaki. Kauri iliyoiva hufyonza maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kwa mtu anayeishi pwani. Udongo unaofyonza huvimba kidogo kidogo kwa unyevu wa hewa, utando wa kioo juu yake hauvimbi, na mwisho utando unachanika nyufa nyembamba kama wavu. Ukikuta sanamu mpya dukani tayari ina wavu huo, na haukutengenezwa makusudi kama pambo, yaelekea si kauri, ni udongo.

Tochi ya simu inasaidia, lakini wengi wanaiamini kupita kiasi. Iweke nyuma ya sehemu nyembamba kabisa: ncha ya bawa, ukingo wa vazi, jani. Kauri ya unene wa milimita mbili au tatu itapitisha mwanga mweupe uliotulia. Kauri nene haitapitisha kitu, na bado ni kauri. Na ipo resini iliyotengenezwa kuiga alabasta ambayo nayo hupitisha mwanga, ila wa manjano na wenye mawingumawingu. Kwa hiyo tochi iende pamoja na mguso. Weka mgongo wa mkono kwenye sanamu: kauri ni baridi na huchelewa kupata joto la mwili, resini hupata haraka. Igonge kwa ukucha. Kauri nzima hulia, resini hutoa mlio mfu, na kauri yenye ufa hukwaruza sauti hata kama ufa hauonekani. Mwisho chungulia kwapani na chini ya nywele. Ukiona vitundu vidogo vya mapovu, yaelekea hiyo ni resini, na ikikaa dirishani miaka michache jua litaigeuza rangi ya ugoro.

Anayejua kauri inavyotengenezwa anajua pia pa kutazama kasoro. Mchanganyiko wa asili wa kauri ngumu ya Ulaya ni kaolini, yaani udongo mweupe, kama nusu, na mawe mawili ya kusagwa, feldispa robo na kwatzi robo. Huchanganywa na maji ukawa uji, ukamiminwa kwenye kalibu za plasta. Plasta hunywa maji ya uji, na ukuta wa udongo hujengeka ndani ya kalibu. Ukifikia unene wa milimita tatu hadi tano, uji uliobaki humwagwa. Sanamu haitoki nzima. Kichwa kina kalibu yake, mikono yake, mabawa yake, kitako chake, kisha vipande huunganishwa kwa uji ule ule, kazi ikaachwa ikauke polepole. Moto wa kwanza ni nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Moto wa kuivisha hufika 1,300 hadi 1,400.

Ni katika moto huo wa pili mambo yanapoharibika. Feldispa huyeyuka ikawa kioo na kujaza matundu, udongo wote hulegea, na kazi husinyaa kwa takriban asilimia 15. Mkono ulionyooshwa hewani hushuka. Shingo huinama. Kitako hupinda. Mafundi huzuia hayo kwa kuweka mihimili ya udongo ule ule, ili isinyae sambamba na sanamu, na baada ya moto mihimili huondolewa na makovu yake kusagwa. Yatafute makovu hayo chini ya kiwiko na chini ya bawa. Yakiwa yamesagwa vizuri, fundi alijali kazi. Yakiwa makali ya kuchana kidole, ujue na mengine yalifanywa kwa haraka hiyo hiyo.

Nyufa nazo si za aina moja, na hapa wanunuzi hupoteza fedha kwa kukataa kizuri na kukubali kibovu. Ufa wa moto hutokea kwenye maungio, kwapani, shingoni, bawa linapokutana na bega, kwa sababu maungio yalikuwa na maji mengi kuliko vipande vyenyewe na yaliposinyaa yalivutana. Kingo zake ni za mviringo, na kama sanamu ina glezi, glezi imeingia ndani yake. Ufa huu umetulia tangu siku ya tanuri. Ufa wa kuangushwa una kingo kali, hukata glezi, na kwenye kitu cha zamani huwa na mstari mweusi wa uchafu. Huu unaendelea kutembea. Ufa wa moto kwenye kitako si sababu ya kuiacha sanamu, ni sababu ya kupunguziwa bei: wanyama wakubwa wa kauri ambao mchongaji Johann Joachim Kändler na wenzake waliwatengeneza katika kiwanda cha Meissen, Ujerumani, miaka ya 1730 kwa ajili ya kasri la mfalme huko Dresden walitoka tanurini na nyufa za moto, na wanatunzwa makumbusho hadi leo. Ila ufa wa aina yoyote kwenye kifundo cha mguu au shingo, rudisha rafuni.

Kusinyaa huko kunakupa pia njia ya kumtambua mwigaji wa mwigaji. Kiwanda kinachofanya kazi yake huanza na kielelezo kikubwa kuliko sanamu inayokusudiwa. Kiwanda cha njia ya mkato hununua sanamu iliyokwisha kuchomwa, huitengenezea kalibu, na humimina. Kielelezo cha sentimita 30 kinatoa sanamu ya kama 25.5. Ukiichukulia hiyo kalibu, inayofuata itakuwa chini kidogo ya 22, na kila hatua inakula makali ya kope, tundu za pua na mistari ya nywele. Ukikutana na Venus wawili wanaofanana, mmoja mfupi kwa sentimita tatu au nne na uso wake umekuwa laini kama sabuni iliyotumika, yule mfupi ni mjukuu. Usimlipie bei ya babu.

Sasa glezi au bila glezi. Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote katika sanamu za aina hii, na maoni yetu hayana kigugumizi: kwa uzuri, kauri isiyopakwa glezi, ile inayoitwa biskuti, inashinda moja kwa moja. Sanamu ya sentimita 25 ina kichwa cha kama sentimita tatu na kidogo. Jicho lina upana wa milimita nne hivi. Glezi inapoyeyuka hutiririkia kwenye mashimo, na mashimo ya sanamu ndiyo macho, pembe za mdomo, mikunjo ya vazi. Kope linazama. Kisha mng'ao wenyewe unavunja umbo, kwa sababu jicho la mtazamaji linaona taa ya sebuleni ikimetameta begani na halioni bega. Viwanda vya Ulaya vililijua hili mapema. Ufaransa, kiwanda cha Vincennes ambacho baadaye kilihamia Sèvres kilianza kuuza sanamu za biskuti katikati ya karne ya 18. Roma, Giovanni Volpato alifungua kiwanda 1785 na kutengeneza nakala za biskuti za sanamu za kale kwa wasafiri waliotaka kurudi na Apollo mfukoni. Uingereza, miaka ya 1840, kiwanda cha Copeland kilitoa kauri iliyokusudiwa kufanana na marumaru ya kisiwa cha Paros. Denmark, Bing & Grøndahl, kiwanda kilichoanzishwa 1853, kilijijengea jina kwa biskuti za kazi za mchongaji Thorvaldsen. Ukipata kimojawapo cha hivyo mezani kwa mtu anayehama, shika kwanza, bei mtazungumza.

Lakini hapa ni Dar. Uso wa biskuti ni mkavu na una ukali mdogo wa kushika vumbi, mafuta ya vidole na moshi wa jikoni, na ukishashika hauachii kwa kupangusa. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, madirisha wazi mchana kutwa, feni ya dari inazunguka, itaigeuza biskuti kijivu kabla ya masika mawili. Kwa hiyo biskuti iwe ndani ya kabati la vioo linalofunga. Kama huna kabati, nunua ya glezi na ukubali kupoteza kitu usoni. Glezi haiogopi bahari: watu wa Kunduchi walipachika vyombo vya kauri kwenye makaburi yao ya nguzo karne ya 18, nje kabisa kwenye mvua na hewa ya chumvi.

Wauzaji hupenda kusema nyeupe ndiyo "ya asili". Si kweli. Sanamu za kale za Kigiriki na Kirumi zilipakwa rangi, nywele, macho, nguo, na weupe tunaouona ni wa rangi kupotea. Kwa hiyo sanamu yenye rangi haijamkosea mtu. Cha kuangalia ni kama rangi ilichomwa. Rangi iliyochomwa juu ya glezi hung'aa pamoja nayo na haiondoki kwa ukucha. Rangi iliyopakwa baridi hubanduka kwanza kwenye pua, magoti na vidole. Dhahabu, hata ikiwa ya kuchomwa, ni nyembamba mno na huisha kwa kusuguliwa. Kama kitako chote kimezungushiwa dhahabu, hesabu kwamba baada ya miaka utakuwa na kitako cha mabaka.

Tukija kwenye maumbo, Laocoön anastahili nafasi kubwa kwa sababu ndiye anayeuzwa vibaya kuliko wote. Kundi hili la kuhani wa Troya, wanawe wawili na nyoka lilichimbuliwa Roma mwaka 1506, nalo liko Vatikani. Mkono wa kulia wa baba haukuwepo, na warekebishaji wakaweka mkono ulionyooshwa juu. Mkono halisi ulikuja kutambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Ludwig Pollak, ukarudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950, nao umekunjwa nyuma ya kichwa. Viwanda vinatoa aina zote mbili. Kwa mnunuzi wa kauri tofauti hii si ya wasomi tu. Mkono ulionyooka ni fimbo tupu ya sentimita kadhaa inayoning'inia hewani, imeungwa begani peke yake, na ndio unaovunjika wa kwanza boksi likidondoka. Uliokunjwa umeegemea kichwa, una nguvu. Chukua uliokunjwa. Kisha mfuate nyoka kwa ukucha, pingili kwa pingili, kuanzia kichwa hadi mkia. Sehemu zake zilizoachana na miili ni vijiti vyembamba, na mahali ambapo ukucha unateleza tofauti au rangi ni nyeupe ya kufa, pamejazwa. Laocoön wa glezi usinunue kabisa. Glezi hutuama kati ya pingili na miili, na vita vyote vinageuka uji. Wa biskuti, mkono uliokunjwa, ndani ya kabati: huyo ni mali.

Nike wa Samothrace ndiye chaguo letu la kwanza kwa ya glezi. Aligunduliwa 1863, yuko makumbusho ya Louvre, Paris, hana kichwa wala mikono, na kwa kauri hiyo ni neema: hakuna shingo ya kuinama wala vidole vya kukatika, na hakuna uso wa kuzamishwa na glezi. Mikunjo ya vazi lake ni mikubwa kiasi kwamba utando hauiui. Udhaifu wake ni mabawa. Bawa la kulia pale Louvre lenyewe ni la plasta, limeigwa kutoka la kushoto. Kwenye sanamu ya mezani kila bawa lina kalibu yake na limeungwa kwenye eneo lisilozidi ukucha wa dole gumba. Mtazame kwa mbele: ncha moja ikiwa chini kuliko mwenzake bila mpango, ilishuka tanurini. Kisha msukume ncha za mabawa kwa kidole kimoja, taratibu, mkono mwingine ukiwa nyuma kumdaka. Kitako kikiinuka kwa urahisi, uzito umekaa nyuma na siku moja pazia litamwangusha.

Venus wa Milo, aliyepatikana 1820, ni mgumu kuharibika, kwa kuwa vazi lililozunguka miguu ni nguzo kamili na halina pembe. Ubovu wake wote huwa usoni, kwa ile hadithi ya kalibu juu ya kalibu. Tazama kope, fundo la nywele na ukingo wa vazi nyongani. Vikiwa na makali, kiwanda kilianza na kielelezo chake. Wapo wanaodhani wameuziwa iliyovunjika kwa sababu haina mikono. Ndivyo ilivyo, na aliyewekewa mikono na kiwanda ndiye wa kuachwa.

Mrusha kisahani wa mchongaji Myron kwanza alikuwa wa shaba, karne ya 5 kabla ya Kristo, na shaba haihitaji kushikiliwa. Warumi walipomwiga kwa marumaru walilazimika kumwongezea kisiki cha mti. Kauri ina haja ya kisiki hicho kuliko marumaru. Asiye na kisiki ama ni resini, ama ana waya ndani, ama anasimama kwa kifundo kimoja kinachosubiri siku yake. Kisiki kiwe kimeshikana na paja, si kimesimama pembeni kama mapambo. Kuhusu kichwa, nakala iliyo British Museum ilirudishiwa kichwa kikitazama upande usio wake. Umbo sahihi humwonyesha akigeuka kukitazama kisahani. Viwanda vingi vimeiga kosa hilo, na halipunguzi uimara, ila anayenunua kwa ajili ya umbo alijue.

Psyche na Cupid wa mchongaji Canova huvutia wanandoa wapya, na kwa biskuti ni kazi nzuri sana. Kagua pale mikono inapokutana na kichwa: mikono ile hufanya duara lililofungwa, duara husinyaa kwa kuvutana, na ufa wa moto hupenda kujificha hapo. Apollo na Daphne wa mchongaji Bernini, hapana. Vidole vya Daphne, msichana anayegeuka mti, vinavyogeuka majani ni maajabu kwenye marumaru ya Galleria Borghese, Roma. Kwenye kauri ya sentimita 30 kila jani ni punje inayosubiri brashi ya vumbi.

Alama chini ya kitako zisikutie wazimu. Panga mbili za buluu zilizopishana ni za Meissen tangu miaka ya 1720, na zimeigwa karibu tangu siku hizo. Herufi N yenye taji ilikuwa ya kiwanda cha kifalme cha Naples mwishoni mwa karne ya 18. Baadaye viwanda vingi vya nchi mbalimbali viliigonga kwa kujitwalia tu, na neno Capodimonte, jina la kiwanda cha mwanzo cha Naples, likaandikwa pembeni. Alama peke yake haithibitishi kitu. Pitisha ukucha: alama ya buluu iliyo chini ya glezi haishikiki, ya kubandikwa juu hushikika. Na ukikuta jina la nchi limeandikwa kwa Kiingereza, yaelekea kitu kilitengenezwa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 iliyodai bidhaa zitajwe zinakotoka. Atakayekuambia ni cha mwaka 1780, mshukuru na upite.

Jambo lingine la kupima kabla ya kulipa ni sebule yenyewe. Sebule zetu zinapokea wazazi, wakwe, shehe na mchungaji, na nusu ya miungu hii iko uchi. Wenye mavazi wapo, na si wa daraja la pili: Nike, Athena na bundi wake, Diana wa Louvre mwenye kanzu fupi na paa pembeni, huyo ndiye Artemi ambaye wasomaji wa Biblia wanamfahamu kwa jina. Kama ni zawadi, uliza kwanza. Familia nyingi za Kiislamu haziweki sanamu ya kiumbe ndani kabisa, na zawadi ya ghali itaishia stoo.

Kuisafirisha kutoka dukani ndiko kunakovunja zaidi kuliko miaka yote ya nyumbani. Muuzaji hukimbilia kuifunga nailoni ya mapovu kwa nguvu, duru baada ya duru, na kule kukaza ndiko kunakobana mkono au bawa hadi likatike. Mwambie asubiri. Karatasi laini iliyofinyangwa ijazwe kwanza kwenye nafasi zote, kati ya mkono na kiuno, kati ya mabawa, mpaka sanamu iwe na umbo la yai. Nailoni ndiyo ifuate, bila kukaza. Iingie boksi, na boksi hilo liingie la pili kukiwa na sentimita tano za karatasi pande zote. Ilale kwa mgongo au upande usio na kitu kilichochomoza. Bodaboda iache. Bajaji, sanamu ikiwa mapajani.

Nyumbani iwe mbali na ukingo na mbali na sabufa, maana mtikisiko wa muziki huisogeza sanamu kidogo kidogo usiku hata mwenyewe usione. Punje tatu za nta ya nyuki, kila moja kama punje ya choroko, chini ya kitako, kandamiza na zungusha kidogo: inashika dhidi ya pazia na mkia wa paka, na ukitaka kuitoa unaizungusha tu. Isiwekwe nta mahali pa jua kali.

Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya kupaka poda usoni, kuanzia juu. Kuosha ni mara chache. Ziba tundu la kitako kwanza kwa plastisini, la sivyo maji yataingia tumboni mwa sanamu na kuvuja siku nzima yakiwa na harufu. Tandika taulo ndani ya beseni, maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji, brashi ya meno ya mtoto. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua au ya chupa, kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi huacha ukungu mweupe juu ya biskuti. Jiki usiiguse, wala limau kwenye dhahabu. Sponji ya chuma ni mbaya kuliko zote: huacha vumbi la chuma lisiloonekana, na kwa unyevu wetu siku chache baadaye sanamu inatokwa madoa ya kutu.

Ikivunjika, okota kila punje na usijaribishe vipande kwa kuvigonganisha. Gundi ya haraka, ile ya dukani inayoshika kwa sekunde, haifai: haikupi nafasi ya kurekebisha, na kwenye biskuti huacha ukanda ulio mgumu kutoa. Wahifadhi wa makumbusho hutumia Paraloid B-72, ambayo huyeyuka tena kwa asetoni, lakini hiyo huanza kulegea karibu nyuzi 40, kwa hiyo mkono ulioungwa nayo ukiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani unaweza kushuka. Kwa kipande kinachobeba uzito tumia epoksi ya mirija miwili. Safisha kingo kwa spiriti, jaribu kupanga vipande vikavu kwanza, changanya nusu kwa nusu, paka nyembamba upande mmoja. Kisha chomeka sanamu ndani ya bakuli la mchanga mkavu kwa pembe ambayo kipande kitajikalia chenyewe kwa uzito wake, usiguse kwa saa 24. Epoksi itapata umanjano kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo ifutwe yote iliyochomoza kabla haijakauka. Na sanamu iliyoungwa haizamishwi tena kwenye maji. Ni brashi tu, tangu siku hiyo.